Fundi wa Manika aliyeifunza mashine kulisoma jina la Jeanne d'Arc

Lori la Kapanga linanguruma uani. Limejazwa hadi juu: magunia ya chumvi, magodoro, masufuria, baiskeli mbili zilizofungwa magurudumu juu, na turubai limekazwa kwa kamba juu ya vyote. Dereva Nkongolo anapiga honi kuwahimiza abiria wamalize kununua mikate. Ni Ijumaa asubuhi kwenye wakala wa usafirishaji wa Tata, yaani Mzee, Hassani Amadi, karibu na soko la Manika, mjini Kolwezi.

Ndani ya ofisi, nyuma ya dirisha la kupokelea mizigo, Ngalula Mushiya hasikii honi. Macho yake hayabanduki kwenye kompyuta mpakato ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na utepe wa gundi. Vidole vinabonyeza, vinasita, vinafuta, vinabonyeza tena.

"Yaya, imebakia nini?" anauliza Bilkisi, binti wa Tata Hassani, ambaye hukaa naye dirishani na humwita yaya, dada mkubwa.

"Imebakia mustari moya. Usinisemeshe."

Kwenye benchi la wateja ameketi mama mwenye kitambaa cheupe kichwani, mgongo wima, mkoba mapajani. Anaitwa Jeanne d'Arc Mbombo. Jina hilo, jinsi lilivyo, pamoja na kialama kidogo kinachoning'inia kati ya d na A, ndilo litakaloamua leo kama Ngalula atabaki na kazi yake.

Mambo yalianza Jumatano. Mama Jeanne d'Arc, ambaye ni katekista wa parokia moja ya Manika, alikuja kuulizia koli yake (mzigo, kwa lugha ya hapa), katoni moja kutoka Lubumbashi. Ndani yake mna magauni meupe ya komunyo ya kwanza, yaliyoshonwa na dada yake kwa ajili ya mabinti wa mtaa ambao wazazi wao hawakuweza kununua. Komunyo ni Jumapili hii.

Bilkisi aliandika jina lake kwenye ukurasa wa kutafutia mizigo. Ukurasa ukawa mweupe pe. Akaandika tena. Mweupe.

"Mama, tukate jina yako kidogo, mashini ipate kuimeza," Bilkisi alimwambia.

"Mukate nini?"

"Kale ka alama ka juu, na bile biko nyuma yake. Njo vile tunafanyaka."

Mama Jeanne d'Arc aliweka mkoba wake juu ya meza ya dirisha. Waliokuwepo wanasema hapo ndipo foleni nzima iliponyamaza ili isikie vizuri.

"Mi nilibatizwa Jeanne d'Arc. Padri alitamka, mama yangu aliitika, Mungu akasikia. Ni mashini yenu tu njo haikusikia? Andika jina yote ao usiandike kitu."

Foleni ilicheka. Tata Hassani hakucheka. Wafanyakazi walipekua bohari kwa mikono, pembe hadi pembe, wasiione katoni. Ofisi ya Lubumbashi ikapigiwa simu, ikaapa kwamba ilituma. Ilibaki mashine peke yake iseme ukweli, na mashine ilikuwa imenyamaza.

Mzee huyo, ambaye baba yake alifika Katanga kutoka Maniema na lori moja tu, alimwita Ngalula mbele ya wote.

"Mutoto yangu, weye njo uliniomba mashini hii," alimwambia. "Sasa inaogopa jina ya mama wa watu. Mpaka swala ya Ijumaa ikuwe inaijua. Kama hapana, tunarudia megafone, na weye utatafuta kazi pengine."

Megafone si mzaha. Kabla ya ukurasa wa Ngalula, mfanyakazi mmoja alikuwa akisimama langoni na kuita majina kwa kipaza sauti, huku wateja wakisubiri juani tangu asubuhi. Aliyekwenda kunywa maji wakati jina lake linaitwa alirudi kesho yake.

Ngalula ana miaka thelathini na mitatu. Ni mzaliwa wa Kolwezi, wa familia ya Kikasai. Babu yake aliletwa huku kufanya kazi mgodini, na baba yake, Tata Kabeya, alimimina shaba katika kiwanda cha kuyeyushia hadi alipostaafu. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa kidato cha nne, baba alipougua. Alianza kuuza mikate kwenye kituo cha taksi-moto, yaani bodaboda.

"Siku ya muzuri nilipata elfu nane," anasema. "Franga elfu nane, na mugongo kuuma bure."

Katika ukumbi wa parokia palikuwa na masomo ya jioni ya kompyuta. Ngalula alijiandikisha. Masomo ya jioni hayana mchezo: mwanafunzi hufika amechoka na kazi ya mchana, kitabu kinamwelea machoni, na anayebaki macho ndiye aliyetaka kujua kwa kweli. Darasa lilianza limejaa. Mwisho wa mwaka walibaki wanafunzi wanaoweza kukaa benchi moja. Ngalula alikuwa mmoja wao.

Akaajiriwa na Tata Hassani kupokea mizigo dirishani. Baada ya mwaka mmoja alimwonyesha tajiri wake ukurasa wa mtandao alioutunga nyumbani: mteja anataja jina, karani analiandika, na papo hapo mzigo wake unaonekana ulipo. Leo analipwa dola mia mbili kwa mwezi, mara mbili ya alivyoanza, na watoto wake wawili wako shuleni.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona kazi hii kwa ndani, inafaa kueleza. Taarifa zote za mizigo zimewekwa mahali pamoja, katika kile wataalamu wanachokiita hifadhidata. Ni bohari, ila badala ya katoni na magunia, mna mistari ya maneno: nani, kutoka wapi, kwenda wapi, umefika lini. Ukurasa wa mtandao hauingii humo wenyewe. Hutuma swali, na hifadhidata hujibu.

Sehemu ya kuandikisha mizigo ilinunuliwa ikiwa tayari, na ilikuwa nzuri. Sehemu ya kutafuta aliitunga Ngalula mwenyewe, na kosa lilikuwa humo.

"Nilikuwa nagundisha," anasema, akicheka kwa aibu. "Nachukua kipande ya swali, nagundisha jina ya muntu, nagundisha kipande ingine. Masomo ya kwanza yote inafundisha vile. Inatembea. Mpaka siku jina inakuya na miba."

Mwiba wenyewe ni ile alama ya juu. Hifadhidata hulitambua jina kwa kuliona limewekwa kati ya alama mbili ndogo, moja mwanzoni na moja mwishoni. Bahati mbaya, alama hizo ndizo zile zile za d'Arc.

"Inasoma Jeanne, inasoma d, inakuta ka alama," anaeleza Ngalula. "Inasema: bon, jina imeisha. Kisha inakuta Arc anasimama inje peke yake. Haijue ni muntu ao ni amri. Inakasirika, inanyamaza. Njo ile ukurasa mweupe."

Na katika mji huu, ambako wazazi hupenda kuwapa watoto majina ya Kifaransa yenye mapambo, miba haikosekani. Yuko Fleur d'Amour anayeuza samaki wakavu. Yuko Marie d'Or mwenye duka la vipodozi. Makarani, badala ya kulalamika, walibuni dawa yao. Wakaiita "kukata mukia": jina unaliandika hadi kabla ya alama, basi. Marie d'Or akawa Marie d. Ngalula aliwasikia wakisema hivyo kila siku. Alidhani ni jambo dogo.

Tangu Jumatano hajadhani hivyo tena.

Siku mbili hizi amesoma kila alichokipata kuhusu njia nyingine, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita swali lililoandaliwa. Anapoieleza, anasahau kuketi. Anasimama, mikono inachora hewani.

"Papa yangu alimimina shaba. Tukiwa batoto alituonyesha: kwanza unatengeneza moule, kalibu, mu muchanga. Unaiacha ikauke. Nyuma njo unaleta shaba ya moto. Shaba inaweza kuwa na uchafu, inaweza kuruka, lakini haibadirishe moule. Mi nilikuwa namimina shaba na muchanga pamoja!"

Katika njia hiyo, swali hutangulia peke yake likiwa na pengo, na kwenye pengo huwekwa alama ya kuuliza. Hifadhidata hulisoma, hulielewa, hulikausha kama kalibu. Kisha jina hufuata nyuma, na huingia kwenye pengo kama jina tu. Liwe na alama, liwe na miba, liwe na mapembe, haliwezi tena kuligeuza swali.

Ngalula bado anaeleza wakati dereva Nkongolo anapoingia kudai karatasi zake za safari. Amesikia maneno ya mwisho na hayamtoshi.

"Unasema mu ile ya zamani jina ilikuwa inaweza kuwa amri?"

"Ndiyo, tata. Muntu mubaya angeandika amri pahali pa jina, mashini ingefuata."

"Basi nilichelewa! Ningeandika jina yangu 'Ongezea Nkongolo Mushahara'."

"Zamani pengine ingejaribu," anajibu Ngalula bila kuinua macho. "Sasa itatafuta tu koli ya muntu anaitwa Ongezea Nkongolo Mushahara."

"Na kama muntu ule eko kweli?"

"Basi baba yake alikuwa na shida kupita weye."

Hata Mama Jeanne d'Arc anatabasamu kwenye benchi lake. Kisha Ngalula anasema, kwa sauti ndogo, "Imeisha."

Ofisi inajaa watu ghafla. Tata Hassani ameingia akiwa tayari na kofia yake ya swala. Wapakiaji wawili wanachungulia mlangoni. Bilkisi anavuta kiti chake karibu hadi kinagonga meza.

Ngalula anaandika polepole: Jeanne d'Arc. Anaacha hapo, bila jina la ukoo, kwa sababu hajui dada wa Lubumbashi aliandikaje. Ukurasa utaleta majina yote yanayoanza hivyo. Kidole kinabaki juu ya kibonyezo kwa kitambo kidogo. Kisha kinashuka.

Ukurasa hauwi mweupe! Mstari unatokea, mweusi na safi, alama ya juu ikiwa mahali pake. Bilkisi anapiga makofi. Mpakiaji mmoja anapiga mluzi.

"Soma," anasema Tata Hassani.

Bilkisi anasoma: "Jeanne d'Arc Tshilombo, mwalimu, Musumba."

Makofi yanakatika.

"Ule hapana miye," anasema Mama Jeanne d'Arc. Amesimama sasa. "Mi ni Mbombo. Na Musumba sijafikaka hata siku moya."

Musumba iko katika eneo la Kapanga, mbali kaskazini-magharibi, mwisho wa barabara ambazo mvua huzifanya mito. Ndiko lori la Nkongolo linakoelekea.

Tata Hassani anainua mkono wa kushoto. Anatazama saa yake ya mkononi, kisha anamtazama Ngalula. Nje honi inalia tena. Abiria mmoja ameshika usukani kwa utani. Ngalula anatazama mistari ya programu yake kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Halafu anajipiga paji la uso.

"Nachota mara moya!"

"Unachota nini?" anauliza Tata Hassani.

"Majibu, tata! Nilitengeneza swali, nikasahau kuchota."

Huu ndio ufundi wa pili, na wengi wanaoanza kazi hii huuruka. Hifadhidata ikishajibu, majibu hayajimwagi yenyewe kwenye ukurasa. Hukaa yakisubiri, kama maji kwenye kisima, na programu huyachota mstari kwa mstari. Kila amri ya kuchota huleta mstari mmoja. Ukichota mara moja na kuondoka, utadhani kisima kilikuwa na ndoo moja tu. Ngalula alipotunga ukurasa wake wa kwanza, wateja walikuwa wachache, na kila jina lilikuwa na mwenyewe mmoja. Ndoo moja ilitosha. Sasa wakala hubeba mizigo ya mji mzima.

"Unapashwa kuchota mpaka ndoo itoke kisimani haina kitu," anasema huku akiandika. "Ikitoka haina kitu, njo unajua umemaliza."

Anaandika mizunguko hiyo: chota, onyesha, rudi, chota. Ni maneno machache tu. Mara moja anakosea kufunga mabano, anarudi, anayafunga. Anaandika tena jina. Anabonyeza.

Mistari minne inashuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni yule mwalimu wa Musumba. Wa pili ni mfanyabiashara wa Lubudi, gunia la mahindi, ameshachukua. Wa nne ni mtawa wa Kasaji. Lakini wa tatu! Ngalula anausoma kwa sauti ambayo wapakiaji wanaisikia hadi uani:

"Jeanne d'Arc M. Kutoka Lubumbashi. Katoni moja, manguo. Kwenda Kolwezi. Imefika Jumatano asubuhi."

"Njo miye!" anapaza sauti Mama Jeanne d'Arc. "M ni Mbombo! Dada yangu ni muvivu wa kuandika!"

Ila Bilkisi hashangilii. Amegeuka rangi. Anatazama mstari wa kwanza, anatazama wa tatu, anarudi kwenye wa kwanza.

"Yaya," anamwambia Ngalula. "Jumatano asubuhi ni mi nilipanga makoli. Katoni ilikuwa na jina tu, haikuandikwa pahali inaenda. Nikatafuta mu mashini."

"Ukatafuta vipi?"

"Nikakata mukia. Jeanne d."

Ngalula anafumba macho.

"Ikanipa muntu moya," anamalizia Bilkisi. "Wa Musumba. Nikakamata feutre, ile kalamu munene, nikaandika juu ya katoni: MUSUMBA."

Kila mtu ofisini anageuka na kutazama nje, kule uani, ambako lori linanguruma na turubai lake limekazwa.

Kinachofuata, mwandishi wa makala haya hajakiona mahali pengine. Mzee mwenye magari, na swala inakaribia, na abiria wamekwisha kupanda, anatakiwa kulishusha lori zima kwa neno la kompyuta iliyofungwa utepe.

"Ikienda Musumba, inarudi lini?" anamuuliza dereva wake.

"Kama mvua inatupenda, wiki mbili," anasema Nkongolo. "Kama haitupendi, komunyo ya mwaka kesho. Lakini tata, makoli ya Musumba njo tulipakia ya kwanza. Iko chini kabisa. Tukishusha, leo hatufike mbali."

Tata Hassani anamgeukia Ngalula. "Una hakika?"

"Tata, mashini inasema koli ilifika, na mwenyewe ni wa Kolwezi. Mu bohari haiko. Bilkisi aliandika Musumba kwa mukono yake. Iko mu lori."

"Na kama haiko?"

Ngalula anafunga kompyuta na kuikumbatia kifuani. "Kama haiko, naenda nayo nyumbani, na weye urudishe megafone langoni."

Mzee anavua kofia, anaikunja, anaiweka mfukoni.

"Shusheni!"

Kamba zinafunguliwa. Baiskeli zinashuka, magodoro yanashuka. Abiria wanalalamika kwa lugha tatu. Nkongolo, ambaye amepanda juu ya mzigo ili aamrishe, anatangaza kwa umati unaokusanyika kutoka sokoni:

"Kuyeni muone! Leo ordinatere, kompyuta ya Ngalula, njo inaendesha lori! Mi ni abiria tu!"

"Shusha, acha kuhubiri!" anamjibu Mama Jeanne d'Arc. Amevua viatu, amejifunga kitenge kiunoni, na anapokea masufuria pamoja na wapakiaji. Bilkisi anapokea upande wa pili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Magunia ya chumvi yanaanza kutoka. Ni mazito na ni mengi. Katoni ya kwanza inaonekana: sabuni. Ya pili: vitabu vya shule. Ya tatu ina neno MUSUMBA, na watu wanapiga kelele, lakini ni dawa za kituo cha afya. Ngalula amesimama pembeni, kompyuta kifuani, midomo inakwenda bila sauti. Sakafu ya lori imeanza kuonekana mahali mahali.

"Kumebakia nini?" anauliza Tata Hassani.

"Magunia kidogo na mavumbi!" anaitika Nkongolo. Hatanii tena.

Anainama nyuma ya kichwa cha lori, kwenye pembe. Anahamisha gunia moja. La pili. Kisha sauti yake inatoka ndani ya lori kana kwamba inatoka ndani ya pipa:

"Jeanne d'Arc! Eko wapi Jeanne d'Arc?"

Katoni inapita juu ya vichwa vya watu kutoka mkono hadi mkono. Ubavuni mna herufi kubwa za Bilkisi, MUSUMBA, na chini yake, kwa kalamu hafifu, mwandiko wa dada mvivu. Mama Jeanne d'Arc anaipasua kwa meno pale kamba inapokataa. Anachomoa gauni la kwanza na kulinyanyua juu kwa mikono miwili. Ni jeupe, lina lesi shingoni, na halina hata chembe ya vumbi la Kolwezi.

Vigelegele vinalipuka. Wauza mikate wanapiga vigelegele, abiria waliokuwa wakinung'unika wanapiga vigelegele, mpakiaji mmoja anacheza peke yake kati ya magunia ya chumvi. Bilkisi amemkumbatia Ngalula, analia na kucheka, na Ngalula anapiga kelele, "Ordinatere! Angalia ordinatere yangu, utaivunja!"

Tata Hassani anasubiri kelele zipungue. Anatoa kofia mfukoni, anaikunjua, anaivaa.

"Bilkisi," anasema. "Kamata ile megafone, umupe mama huyu. Ataita nayo batoto ya katekismu. Sisi hatuna kazi nayo."

Kisha anaondoka kwenda msikitini kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba amechelewa lakini hajapoteza.

Lori la Kapanga liliondoka alasiri. Nkongolo alipita dirishani kuaga. "Ngalula, safari ingine unitafutie mu mashini bibi mwenye anajua kupika," alisema. "Ukipata wengi usichote moya. Chota wote, nichague."

Jumatatu iliyofuata, Ngalula alikuwa amekwisha kupokea maagizo mapya. Ukurasa wake, wenye swali lililoandaliwa na wenye kuchota hadi mwisho, utafunguliwa pia katika ofisi ya Lubudi, kwenye njia ya reli, na yeye mwenyewe ndiye atakayekwenda kuuweka na kuwafundisha makarani wa huko. Tata Hassani amekubali kumnunulia kompyuta nyingine. Baada ya Lubudi, Ngalula anataka mteja aweze kutafuta mzigo wake mwenyewe kwa simu, hata akiwa Musumba, bila kumpigia karani.

"Kukata mukia imeisha," anasema. "Niliandika na feutre juu ya dirisha: SEMA JINA YOTE."

Tangazo hilo limeleta tatizo ambalo hakulitarajia. Foleni imekuwa ndefu kuliko zamani, kwa sababu watu wameambiwa waseme jina lote, na wanalisema.

Asubuhi hii aliye mbele ya dirisha ni Tata Lukusa, mstaafu wa reli, anayetuma gunia moja la maharage kwa mwanawe. Ameegemea fimbo na ametaja jina lake, jina la baba yake, na jina la sifa la baba yake. Bilkisi anaandika, jasho linamtoka. Ghafla anasimama.

"Yaya, sanduku ya jina imejaa. Haikubali tena."

"Herufi hamsini," anasema Ngalula. "Njo nilipima vile."

"Mumenikatia wapi?" anauliza Tata Lukusa.

"Kwa baba yako, tata."

"Kwa baba! Na babu yangu, ule mwenye alipigana na chui, anabakia inje?"

Nyuma yake foleni inanung'unika. Kijana mmoja anasema kwamba kama chui naye ana jina, basi hawatamaliza leo. Ngalula anacheka hadi anashika ubavu. Anaivuta kompyuta, anafungua hifadhidata, na mahali palipoandikwa hamsini anaandika mia mbili.

"Endelea, tata," anasema, vidole vikiwa tayari. "Babu yako njo nani?"

Tata Lukusa anajiweka sawa, anakohoa, na kuanza upya tangu mwanzo.